OpenCV kwenye Ubuntu: acheni kuwatesa wanafunzi!



Nilikuwa nimepanga kurudi hapa na makala ya upole kuhusu hifadhidata. Hiyo itasubiri. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo: namna tunavyowafundisha watu kusakinisha OpenCV.

Kwa wasioijua, OpenCV ni maktaba ya programu inayoipa kompyuta macho. Ukiipa picha au video inaweza kukutafutia nyuso za watu, kuhesabu vitu, kufuata gari linalopita barabarani, kutenganisha rangi na mengine mengi. Ni programu huria, hulipi hata senti. Ilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Intel, chini ya Gary Bradski, na toleo la majaribio likaonyeshwa hadharani mwaka 2000. Nitarudi kwa Bradski baadaye, maana ana neno katika kesi hii.

Sasa sikilizeni kisa.

Mpwa wangu anasoma stashahada ya teknolojia ya habari katika chuo ambacho sitakitaja. Mradi wake wa mwisho ni huu: unatandaza maharagwe kwenye sinia, unapiga picha kwa simu, programu inahesabu punje nzuri na punje zilizoingia ukungu. Wazo hilo halikutoka hewani. Mama yake, dada yangu, huuza nafaka sokoni, na huyu binti amekua akichambua maharagwe kwa mkono. Anaijua kazi yenyewe kuliko mwalimu wake.

Ana laptopu ya mtumba, RAM gigabaiti 4, na ameweka Ubuntu 24.04. Intaneti yake ni bando la simu. Hana waya wa intaneti nyumbani, hana waifai ya bure. Akatafuta mtandaoni jinsi ya kusakinisha OpenCV, akapata mwongozo mmoja uliopangwa vizuri sana, wenye picha na rangi, amri zaidi ya 20 za kunakili na kubandika. Akaanza.

Amri ya tatu au ya nne ikagoma. Mwongozo ulimtaka asakinishe kifurushi kiitwacho libjasper-dev, na Ubuntu ikamjibu kwamba haikijui. Akatafuta dawa, akaambiwa na mwongozo mwingine aongeze ghala la vifurushi la Ubuntu 16.04 kwenye mashine yake. Akaongeza. Kisha akaambiwa apakue msimbo chanzo wote wa OpenCV kwa git, na juu yake hazina ya pili ya moduli za ziada. Hayo ni mamia ya megabaiti. Bando likaisha katikati. Akanunua lingine kwa pesa za nauli.

Ikafika hatua ya kukompaili, yaani kuugeuza msimbo ulioandikwa na watu kuwa faili ambazo mashine inaweza kuziendesha. Mwongozo ukasema andika make -j4, bila kueleza kwamba hiyo 4 ni idadi ya kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja, na kwamba kila kazi inakula RAM yake. Laptopu ikaganda, kipanya hakisogei. Baada ya muda mrefu mfumo wenyewe ukaiua kazi ili ujiokoe. Akajaribu tena usiku, stima ikapotea, na betri ya laptopu ya mtumba mnaijua. Siku ya tatu ikakubali. Ikafika asilimia mia. Akaandika sudo make install, akafungua Python, akaandika import cv2, naye akajibiwa hivi:

ModuleNotFoundError: No module named 'cv2'

Alinipigia simu usiku huo. Nilitegemea ataniuliza swali. Badala yake aliniambia, "Mjomba, nafikiri nitabadilisha mradi. Labda mimi si mtu wa kompyuta."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Kosa lilikuwa nini? Mashine yake haikuwa na NumPy wala faili za kichwa za Python wakati cmake ilipokuwa ikikagua mazingira. Cmake haikusimama kwa sababu hiyo. Iliandika tu, katikati ya mistari mingi, kwamba sehemu ya Python haipatikani, ikaendelea na safari. Kwa hiyo mpwa wangu alitumia siku tatu, mabando mawili na nauli yake kujenga OpenCV ya C++, lugha ambayo hajui hata kuandika "jambo" ndani yake. Mwongozo haukumwambia asome huo muhtasari wa cmake. Ulimwambia abandike amri inayofuata.

Na sasa niwaambie jambo litakalowaudhi zaidi. Hakuhitaji kukompaili chochote! Kwenye Ubuntu ile ile, laptopu ile ile, kazi yote ni amri mbili:

sudo apt update
sudo apt install python3-opencv opencv-data

Kisha unapima:

python3 -c "import cv2; print(cv2.__version__)"

Kwenye Ubuntu 24.04 utaona 4.6.0. Kwenye 22.04 utaona 4.5.4. Umemaliza, anza kazi. Hiyo opencv-data inakuletea faili za kutambua nyuso na vitu vingine, zinakaa kwenye /usr/share/opencv4. Kama unaandika C++, kifurushi chako ni libopencv-dev, na unakompaili programu yako mwenyewe, si OpenCV nzima, kwa mstari mmoja:

g++ jaribu.cpp -o jaribu $(pkg-config --cflags --libs opencv4)

Tena angalieni adabu ya apt. Kabla ya kupakua chochote inakuambia itatumia megabaiti ngapi za intaneti na itachukua nafasi kiasi gani kwenye diski, halafu inakuuliza kama unakubali. Ukiona bando halitoshi unajibu n, unajipanga kesho. Waandishi wetu wa miongozo wameshindwa na adabu ya programu!

Ukitaka toleo jipya zaidi ya lile la Ubuntu, kuna njia ya pip. Tangu mwaka 2016 kuna kifurushi kiitwacho opencv-python ambacho kimeshakompailiwa tayari na watu wenye mashine kubwa kuliko zako. Unatengeneza kwanza mazingira pepe, yaani folda ya pembeni yenye vifurushi vyake, ili usiuguse mfumo:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/maharagwe
source ~/maharagwe/bin/activate
pip install --only-binary=:all: opencv-python

Pamoja na NumPy, amri hiyo ya mwisho inapakua chini ya megabaiti 100. Hilo neno --only-binary nimeliweka makusudi. Pip isipopata kifurushi kilichokompailiwa kinachofaa mashine yako, inaweza kuchukua msimbo chanzo na kuanza kuukompaili kimyakimya, nawe unadhani intaneti ndiyo inakwama. Ukiandika hivyo, itakataa wazi badala ya kukuingiza shimoni. Na mambo yakiharibika unaifuta folda ya maharagwe, mfumo wako unabaki salama.

Tahadhari tatu ndogo. Kwanza, kifurushi kinaitwa opencv-python lakini ndani ya Python unaandika cv2, hata kama toleo ni la 4. Ni jina la kurithi, lisikutishe. Pili, usisakinishe opencv-python na opencv-contrib-python katika mazingira mamoja, maana vyote viwili vinagombea jina hilo hilo. Chagua kimoja. Tatu, kile kifungu cha cv2.data ambacho miongozo mingi hukitumia kutafuta faili za nyuso kinapatikana kwenye OpenCV ya pip. Kwenye ile ya apt hakipo, andika njia kamili ya faili.

Walio kwenye Windows nao wasidhani nimewasahau. Mnaambiwa mpakue Visual Studio nzima, mchimbe ndani ya mipangilio ya mfumo, mbadilishe PATH. Kwa mtu wa Python, kama Python ipo tayari, ni mstari mmoja tu:

py -m pip install opencv-python

Basi, kama mambo ni mepesi hivi, ile miongozo ya amri 20 ilitoka wapi? Waandishi wake si wachawi. Ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ina tarehe. OpenCV 3.0 ilitoka Juni 2015. Ubuntu 16.04, iliyotoka Aprili 2016, bado ilikuja na OpenCV 2.4. Mtu aliyetaka mambo mapya ya toleo la 3 hakuwa na njia nyingine ila kukompaili mwenyewe. Ubuntu 18.04 ikaja na 3.2, Ubuntu 20.04 ikaja na 4.2, na pip nayo ikawa imekomaa. Sababu ikafa. Miongozo haikufa! Imebaki pale pale, inanakiliwa na kunakiliwa tena, kila anayenakili anabadilisha kichwa cha habari na namba ya mwaka, basi.

Chukueni hiyo libjasper-dev. Iliondolewa Ubuntu baada ya 16.04, na 18.04 haikuwa nayo. Ni maktaba ya kusoma picha za aina ya JPEG 2000. Mpwa wangu anapiga picha za maharagwe kwa simu, zinatoka JPEG ya kawaida. Hakuwahi kuihitaji, na hata angeihitaji, OpenCV ya siku hizi inatumia maktaba nyingine kwa picha hizo. Lakini ameambiwa aifungulie mlango mashine yake kwa ghala la mfumo ambao msaada wake wa kawaida ulikoma Aprili 2021, ili apate kitu asichokihitaji. Huo ni msaada gani?

Au chukueni mfano wa kuhesabu vitu, ambao ndio moyo wa mradi wake. Miongozo mingi isiyo na tarehe inaandika hivi:

_, contours, hierarchy = cv2.findContours(...)

Hiyo ni OpenCV 3. Toleo la 2.4 lilirudisha vitu viwili, toleo la 3 likarudisha vitatu, toleo la 4 likarejea kwenye viwili. Ukiibandika leo Python inakulalamikia kwamba ilitegemea vitatu ikapata viwili. Mwanafunzi anadhani amekosea yeye. Hakukosea, amepewa ramani ya mji uliokwisha kujengwa upya, na mwenye ramani hakuandika mwaka.

Tena kuna hili la pip kwenye Ubuntu mpya. Ukiandika pip install bila mazingira pepe kwenye 24.04, inakukatalia na kukuambia kwamba mazingira haya yanasimamiwa na mfumo. Ni ulinzi mzuri, maana sehemu za Ubuntu zenyewe zinategemea Python hiyo. Sasa miongozo inawafundisha watoto kuongeza --break-system-packages. Jamani, hata asiyejua Kiingereza sana anaona neno "break" pale! Waliolitunga jina hilo walilifanya la kutisha kusudi, ili mtu asite. Sisi tunalifundisha kama salamu.

Na mimi nimo. Sitajitoa kwenye orodha ya wakosaji. Mwaka 2016 niliandika mwongozo wangu mwenyewe wa kukompaili OpenCV, nikawagawia wafanyakazi wenzangu na wanafunzi waliokuja kwetu kwa mafunzo ya kazi, nikajipiga kifua. Ulikuwa unafaa Ubuntu 16.04 peke yake, na sikuandika hivyo mahali popote. Sikuandika unapakua megabaiti ngapi, kwa sababu intaneti ilikuwa ya ofisi na bili haikuja kwangu. Sikuandika namna ya kuiondoa, kwa sababu sikuwahi kuiondoa. Sijui ni wangapi walikwama nao wakanyamaza kwa aibu. Nimeuondoa kila mahali nilipoweza kuufikia.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia kwa wenzangu kazini. Nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Kukompaili kunamfundisha mtu." Kunamfundisha nani, nini? Mpwa wangu alibandika amri zaidi ya 20. Nilipomuuliza cmake ni nini alisema, "Ni ile inayoandika maandishi mengi." Anayetaka kujifunza kukompaili na aanze na programu ya faili tatu, aone kosa, alirekebishe, aone tena. OpenCV ina maelfu ya faili. Humfundishi mtu kuogelea kwa kumtupa Bahari ya Hindi usiku.

La pili: "Toleo la apt ni la zamani." Ndiyo, ni la zamani. Kwa kazi gani? Programu ya maharagwe inasoma picha, inabadilisha mfumo wa rangi, inatenganisha punje na sinia, inatafuta mizingo na kuihesabu. Hayo yote yamo ndani ya OpenCV kwa miaka mingi, na 4.6 inayafanya vizuri kabisa. Ukitaka jipya, pip ipo. Upya si sababu ya kukompaili tena.

La tatu: "Ukikompaili mwenyewe inakuwa na kasi." Vifurushi vya pip vinaangalia prosesa yako wakati wa kuendeshwa na kuchagua msimbo unaoifaa. Yawezekana utapata kasi kidogo kwa kukompaili kwa ustadi, lakini anayejua kuipata hiyo hasomi mwongozo wa wanaoanza. Na picha moja ya sinia kila baada ya dakika haihitaji mbio za farasi.

La nne, na hili ndilo linaloniudhi: "Programu ni kazi ngumu, asiyeweza kuvumilia aende zake." Eti usakinishaji uwe kama jando, upite kisu ndipo uitwe mtu! Mwenye kusema hivyo mara nyingi ana intaneti ya kulipiwa na ofisi na mashine ya gigabaiti 16 au zaidi. Kwake kosa ni saa moja ya kungoja huku akinywa chai. Kwa binti anayenunua bando kwa nauli, kosa hilo hilo ni kutembea kwa miguu kesho yake. Wahenga walisema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Lakini safari hii si yeye aliyeiga, ni sisi tuliomwagiza aige.

Hapa ndipo namrudia Gary Bradski. Amesimulia kwamba wazo la OpenCV lilimjia alipotembelea vyuo, akaona kwamba vikundi vikubwa, kama kile cha MIT Media Lab, vina msimbo mzuri wa uono wa kompyuta ambao wanafunzi wanarithishana. Mwanafunzi mpya hakuanza na sufuri, alipanda juu ya mabega ya waliomtangulia. OpenCV iliandikwa ili urithi huo umfikie kila mtu, hata aliye nje ya kuta za vyuo hivyo. Sasa niambieni, mwanafunzi wa nafaka na sinia lake anapokwama siku tatu mlangoni, tumeutendea nini urithi huo?

Wazee wa Ubuntu mnakumbuka pia. Mpaka mwaka 2011 mradi wa Ubuntu ulikuwa unatuma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Nilipata yangu kwenye sanduku la posta, ndani ya bahasha yenye stempu za ng'ambo, nikaizungusha kwa marafiki mpaka ikakwaruzika. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini, na mradi ule ulielewa kwamba programu ikiwa ya bure lakini kuipakua ni ghali, basi si ya bure. Zamani hizo tulililia jambo hilo. Leo tumepata intaneti ofisini, tumesahau.

Mgala muue na haki umpe. Zipo sababu halali za kukompaili OpenCV. Kama una kadi ya NVIDIA na unataka moduli za CUDA, kukompaili hakuepukiki, maana apt na pip hazikupi hizo. Kama unataka mbinu ya SURF, ambayo imefungiwa pamoja na zile zisizo huru, utakompaili ukiwa umewasha OPENCV_ENABLE_NONFREE. Angalia lakini, SIFT haimo tena kwenye kundi hilo. Hataza yake ilikwisha Machi 2020, na tangu toleo la 4.4 la mwaka huo imo ndani ya OpenCV ya kawaida, ingawa bado kuna miongozo inayokukompailisha kwa ajili yake! Kama unaipunguza OpenCV iingie kwenye kifaa kidogo, au unataka kurekebisha hitilafu ndani yake, kompaili. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kuitaja sababu yako kwa sentensi moja, huna sababu.

Na ukishaamua, fanya kama mtu mzima. Pakua kwa git clone --depth 1 ili usibebe historia nzima ya mradi. Usizime intaneti wakati wa cmake, kwa sababu yenyewe hupakua faili nyingine hapo hapo. Soma muhtasari wake mpaka chini, hasa sehemu ya Python 3, kabla ya kuandika make. Kwa RAM ya gigabaiti 4 tumia make -j1 au -j2, na kamwe usiandike -j peke yake bila namba, maana hapo umeiruhusu ifungue kazi bila kikomo. Halafu usiifute folda uliyokompailia. Bila hiyo sudo make uninstall haitafanya kazi, na OpenCV yako itabaki ndani ya /usr/local ikigombana na ile ya apt, bila apt kujua kwamba ipo.

Kwa wenzangu mnaoandika miongozo, ninawaomba mambo manne tu. Andikeni tarehe, toleo la mfumo na toleo la OpenCV juu kabisa, kabla ya amri ya kwanza. Andikeni gharama: megabaiti, nafasi ya diski, RAM, na saa. Andikeni namna ya kupima kila hatua, ili mtu ajue amekwama wapi. Na andikeni namna ya kurudi nyuma, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwongozo usio na hayo manne si msaada, hata ukiwa na picha na rangi.

Na wewe mwanafunzi unayesoma hapa ukiwa umekwama: kabla ya kunakili amri yoyote angalia mwaka wake. Ukiona "xenial", ukiona python-dev bila 3 wakati Python 2 iliachwa tarehe 1 Januari 2020, ukiona libjasper, funga ukurasa huo. Hujashindwa na kompyuta. Umepotezwa na mtu aliyekutangulia, pengine mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa dada yangu na laptopu ile tukaiwasha mezani. Tuliliondoa lile ghala la 16.04, tukaendesha sudo make uninstall (bahati nzuri folda ilikuwepo), kisha zile amri mbili za apt. Chai ilikuwa haijapoa. Akapiga picha ya sinia, akaandika mistari kama 15, programu ikahesabu punje. Ilikosea, mahali punje mbili zilipogusana ikaziona moja. Akainama, akaanza kubishana nayo mwenyewe, akanisahau kabisa. Mama yake akauliza kama sasa mashine itachambua gunia zima. "Bado, mama," akamjibu bila kuinua macho. "Kwanza niifundishe kuzitenganisha."

Hilo ndilo tatizo alilostahili kuhangaika nalo kwa siku tatu.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa. Ile makala ya hifadhidata itakuja, hasira zikishuka.